Dirisha la Tatu, Nizwa

Dirisha la tatu, saa mbili kasoro asubuhi,
kiyoyozi kinakoroma kama mzee aliyeshiba.
Mbele yangu Zamoyoni, mzaliwa wa Handeni,
mkono umefungwa kwa kipande cha kanga
kilichochanwa na jina lake.
MGENI NJOO, nasoma.
Mengine yamekunjwa ndani, kwenye usaha.

Kopo la nyanya lilimkata kidole siku kumi zilizopita.
Sasa wekundu umepanda hadi kwenye kiwiko.
"Kadi?"
"Iko kwa kafili."
"Pasipoti?"
"Iko kwa kafili."
"Naye kafili?"
"Yuko Salala, dada. Amefuata manyunyu."

Kompyuta yangu haina sikio la Kiswahili.
Inataka namba. Bila namba, mstari mwekundu,
na mtu mzima anakuwa kama hajazaliwa.

Kwetu yuko mmoja asiyekosa namba.
Ananing'inia ukutani, barazani kwa wanaume:
bunduki ya babu, kitako kimevishwa fedha.
Ina kibali, ina muhuri,
ina mwaka wa kuzaliwa wa kubahatisha.
Ina na tabibu wake, Fundi Zahran,
huja kila Shaabani na mafuta na kitambaa laini,
huichungulia kooni, huigonga kifua,
kisha husema, "Alhamdulillahi, haina kutu."
Riali arubaini. Hakuna anayenong'ona.
Karatasi zake nazipeleka mimi kila mwaka,
namba yake naweza kuitaja usingizini.

Tangu niijue imeua mawingu tu,
harusi hadi harusi,
isipokuwa usiku ule ilipomteleza mtu kwenye razha
ikatoboa wayo wa binamu yetu Hilal.
Mlango huu huu ulifunguliwa kwa teke.
Hakuna aliyemwuliza kadi.
Damu ndiyo ilikuwa kadi.

Nilimgusia kaka yangu Muhanna, tukila daku.
"Silaha ni haki ya mwanamume," akasema,
"naitunza mwenyewe, simdai jirani.
Tiba ni jasho la mwingine.
Daktari hakuzaliwa na deni lako shingoni.
Kila mpita njia akichota, kisimani kitabaki nini?"
Hana ubaya Muhanna. Ndiye aliyembeba Hilal mgongoni.
Na neno lake lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki,
maana nami nimeona dawa zikiisha Alhamisi.

Lakini twende basi kwenye maji, kaka,
maadamu umeyataja.
Falaji yetu inapochomoza chini ya mlima,
pale jichoni, kabla ya zamu,
kabla ya mwenye mitende mia na mwenye mitatu,
hunywa kwanza mwenye kiu.
Hunywa mchunga punda wa mtu mwingine,
na punda naye hunywa.
Mahali pale hapana daftari la hisa.
Hesabu huanza chini, bustanini.
Walioiacha hivyo ni wale wale wenye bunduki:
bunduki wakaipa msumari mmoja ukutani,
maji ya kunywa wakayapa njia.

Sikumjibu hivyo usiku ule.
Nilimmiminia chai.

"Dada," asema Zamoyoni, "nikae au nirudi?"
Nyuma yake foleni inakohoa.

Namba, inasema kompyuta.
Vidole vyangu vikaandika ile viijuayo,
tarakimu saba za chuma na fedha.
Ikafikiri.
Ikafikiri tena.
Ikasema: chumba cha nne.

Kesho wataniita juu, najua,
waniulize tangu lini bunduki inatibiwa kidole,
nami jibu la ofisini sina.

Pazia la chumba cha nne halifungi vizuri.
Kutoka hapa namwona muuguzi akiifungua ile kanga
polepole, mkunjo kwa mkunjo, akiilowesha isichubue,
na baada ya MGENI NJOO
yale maneno mawili yaliyobaki,
yamechafuka,
lakini yanasomeka.